Shajara ya mradi: mshipa wa damu ungoje ndani ya nini?

Januari, mwishoni

Fedha tulizoomba zimetoka, benchi tumepewa, na friji ya zamani ya maabara ya famakolojia imesafishwa. Kuanzia leo nitakuwa naandika tulipofika, ili wenzetu wa hospitali nyingine wanaoufuatilia mradi wasome bila kusubiri ripoti.

Swali letu ni hili: mshipa wa damu ukishatolewa mahali pake, na kabla haujashonwa mahali pengine, ungoje ndani ya nini, na kwenye baridi kiasi gani?

Ukiingia chumba cha upasuaji wa moyo utaliona jambo lenyewe. Daktari msaidizi anatoa veni ndefu ya mguuni, ile iitwayo safena. Anafunga matawi yake, anaijaza maji kwa sindano aone kama inavuja, kisha anailaza kwenye kibakuli juu ya meza ya vyombo. Daktari bingwa bado yuko kifuani. Mshipa unangoja nusu saa, pengine saa mbili, ndipo ushonwe kuvusha damu ng'ambo ya sehemu iliyoziba. Upasuaji huu ulienea duniani baada ya kazi ya René Favaloro kule Cleveland, Marekani, iliyoanza mwaka 1967, na hapa Dar es Salaam unafanyika katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Kila mahali mshipa hungoja hivyo hivyo. Na mara nyingi, duniani kote, kilichomo kibakulini ni maji ya chumvi yale yale ya dripu, yametiwa heparini ili damu iliyobaki isigande.

Tuyaangalie maji hayo. Yana chumvi asilimia 0.9, yaani milimoli 154 za sodiamu na 154 za kloraidi kwa lita, basi. Hayana potasiamu, hayana kalsiamu, hayana glukosi, wala hayana bafa ya kuzuia uchachu. pH yake, yaani kipimo cha uchachu, huwa kama 5.5, na damu ni 7.4; namba ikiwa ndogo uchachu ni mwingi. Yalitengenezwa yaingie mwilini taratibu na kuchanganyika na damu inayozunguka, ambayo inarekebisha kila kitu. Seli iliyotengwa na damu hiyo na kuzamishwa humo haina wa kuirekebishia.

Februari

Mwezi wa kusoma. Naandika yale tu yaliyotubadilishia mpango.

Kuhifadhi mishipa kwenye baridi si jambo jipya hata kidogo. Alexis Carrel, Mfaransa aliyefanya kazi New York, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1912 kwa kushona mishipa na kupandikiza viungo, na wakati huo alikuwa tayari anaweka ateri za wanyama kwenye baridi na kuzipandikiza baadaye. Mwaka 1948 Robert Gross wa Boston aliripoti kutumia ateri za marehemu, zilizohifadhiwa kwenye baridi, kwa wagonjwa wenye kasoro za mishipa mikubwa. Kwa watu wa enzi hiyo mshipa ulikuwa bomba: ukipitisha damu bila kupasuka, kazi imefanikiwa.

Mwaka 1980 Robert Furchgott na John Zawadzki walichapisha jaribio la aota, yaani ateri kuu itokayo moyoni, ya sungura. Ukiidondoshea kemikali iitwayo asetilikolini inalegea, lakini ukikwangua utando wake wa ndani, hailegei tena. Utando huo ni safu moja tu ya seli, mwembamba kuliko ile ngozi nyeupe iliyo chini ya ganda la yai, na kumbe ndio unaoamuru misuli ya mshipa kwa kutoa gesi ya nitriki oksaidi. Furchgott alipata Nobel mwaka 1998 pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad. Utando huo huo ndio unaozuia chembe sahani za damu zisinate ukutani, na ndio unaozuia misuli ya ukuta isikue hovyo kuelekea ndani. Mshipa ukishonwa bila utando huo, damu inaweza kuganda ndani ya siku chache. Ukinusurika hapo, ukuta unaanza kunenepa polepole mpaka njia inazibika.

Kwa hiyo tunapouliza kama mshipa umehifadhika, tunauliza habari za safu hiyo moja ya seli.

Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani unaoitwa PREVENT IV ulihusisha wagonjwa 3,014 waliochepushiwa damu ya moyo kati ya 2002 na 2003. Ulikuwa wa kujaribu dawa fulani ya kuloweka veni kabla ya kushonwa, na dawa hiyo haikufaa kitu. Ila wagonjwa wale walipigwa picha za mishipa baada ya mwaka mmoja hivi, na kumbukumbu za upasuaji zilionyesha kila mshipa ulingoja ndani ya nini. Mwaka 2014 watafiti walirudi kwenye data hiyo wakapanga wagonjwa makundi matatu: maji ya chumvi, damu ya mgonjwa mwenyewe, na myeyusho wenye bafa. Veni zilizongojea kwenye bafa ziliziba kwa uchache kuliko zile za makundi mengine mawili. Wagonjwa hawakupangwa kwa bahati nasibu kwa kufuata kimiminika, kwa hiyo huo si ushahidi wa kufunga mjadala. Kwangu mimi, hata hivyo, unatosha kabisa kuuliza kwa nini kibakuli bado hakina bafa.

Damu ilinishangaza. Wengi tulidhani damu ya mgonjwa mwenyewe ndiyo salama kuliko vyote. Lakini ikikaa wazi kibakulini, kaboni dioksaidi inatoka na pH inapanda. Baada ya muda mfupi si damu ile iliyokuwa mwilini.

Februari, mwishoni: chuma

Hili linastahili nafasi yake.

Tulikuwa tumezoea kufikiri kwamba baridi inalinda, na kwamba kinachoharibu ni joto na muda. Baridi kweli inapunguza matumizi ya nguvu ya seli. Lakini pia inaumiza. Pampu ya sodiamu na potasiamu inazorota, sodiamu inaingia, maji yanaifuata, seli inavimba. Ndiyo sababu myeyusho wa Belzer na Southard wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, unaotumika kwa viungo tangu miaka ya 1980, una potasiamu nyingi, na una molekuli kubwa kama rafinosi na laktobionati zisizopenya ndani ya seli.

Kundi la Ursula Rauen na Herbert de Groot wa Essen, Ujerumani, lilionyesha jeraha jingine la baridi. Seli ikipoa, sehemu ya madini ya chuma yaliyomo ndani yake hubaki huru, bila kushikwa vizuri na protini. Chuma hicho huru huchochea radikali za oksijeni, yaani molekuli kali zinazoshambulia seli, mitokondria (vyumba vya kuzalisha nguvu ndani ya seli) zinaharibika, na seli inakufa, wakati mwingine humo humo kwenye baridi, wakati mwingine inaporudishiwa joto. Seli za utando wa ndani wa mishipa ni miongoni mwa zinazoumia hivyo. Ukiweka dawa ya kukamata chuma, nyingi zinapona.

Kutokana na kazi hiyo ulitengenezwa myeyusho maalumu wa mishipa, TiProtec, kwa kushirikiana na kampuni ya Köhler Chemie. Una potasiamu nyingi, una kloraidi, amino asidi kama glisini na alanini, bafa ya aina ya histidini, na dawa mbili za kukamata chuma: deferoksamini na nyingine ndogo inayopenya seli kwa urahisi zaidi. Mwaka 2008 Essen walichapisha majaribio yake kwenye aota za nguruwe, na baadaye wenzao wa Dresden wakaujaribu kwenye ateri za binadamu zilizobaki baada ya upasuaji wa moyo.

Deferoksamini si dawa ngeni kwetu. Wazazi wa watoto wenye selimundu wanaoongezewa damu mara kwa mara wengi wanaifahamu, kwa sababu ndiyo inayoondoa chuma kinachorundikana mwilini. Inakuja kwenye kichupa cha miligramu 500, ungaunga. Nilipoitambua kwenye orodha ile ya viambato nilimpigia simu Profesa usiku huo huo. Alisema: "Basi hiyo iingie kwenye mpango. Lakini kwanza thibitisheni yale rahisi."

Machi, mwanzoni: machinjioni

Kamati ya maadili imeturuhusu, kwa kuwa hatuui mnyama kwa ajili ya utafiti. Tunachukua mishipa ya mbuzi waliochinjwa kwa kitoweo, na tunafika kabla hakujapambazuka.

Tulitaka ateri za shingoni kwa sababu zimenyooka na hazina matawi mengi. Tatizo ni kwamba kisu cha kuchinja kinapita hapo hapo. Mzee anayesimamia uchunaji ndiye aliyetupa ufumbuzi. "Mwanangu, huku juu kumeshaharibika, achana nako. Shuka mpaka karibu na kifua, kipande kirefu kipo hakijaguswa." Nikamjibu, "Ahsante, Mzee, tuonyeshe." Akapasua kifua, akavuta koo pembeni kwa vidole viwili, na mshipa ukaonekana mweupe umelala kando yake, mrefu vya kutosha vipande vyote tulivyohitaji.

Sheria tuliyojiwekea: kibanio kinashika nyama laini ya nje, hakigusi mshipa wenyewe, na hakuna kitu kinachoingizwa ndani ila maji. Damu iliyobaki tunaitoa kwa kuacha myeyusho utiririke wenyewe kutoka kwenye chupa iliyoinuliwa kidogo. Hatusukumi kwa sindano. Sindano ya mkononi, ukiibana kwa nguvu, inaweza kupitisha shinikizo la milimita 300 za zebaki ndani ya mshipa, na veni ya mguu haijawahi kuona shinikizo la namna hiyo maishani mwake. Kule Örebro, Sweden, daktari Domingos Souza amejenga jina kwa kutoa safena pamoja na mafuta yanayoizunguka, bila kuijaza wala kuishikashika, na mishipa hiyo imedumu vizuri. Nitalirudia kila nitakapopata nafasi: mshipa ulioumizwa wakati wa kutolewa hauponywi na myeyusho wowote.

Kila mshipa tunaukata vipande, na kila kipande kinaingia chupa yake, ili myeyusho wote ulinganishwe kwa mnyama yule yule. Chupa zina utepe wa rangi, na anayesoma majibu hajui rangi ipi ni nini. Waliomo: maji ya chumvi na heparini, damu ya mnyama mwenyewe na heparini, Ringa laktati (dripu nyingine ya kawaida hospitalini), chumvi yenye bafa ya fosfeti, na mchanganyiko wetu wenyewe wa potasiamu kloraidi, sukrosi, glisini, glukosi na bafa, wenye deferoksamini na usio nayo.

Mchanganyiko huo ni wa maabara tu. Haujapimwa usafi wake kwa matumizi ya binadamu na hautamgusa mgonjwa. Tena myeyusho wenye potasiamu nyingi, hata ule wa kiwandani, lazima usuuzwe utoke mshipani kabla ya damu kufunguliwa, maana potasiamu ikifika kwenye moyo kwa wingi inaweza kuusimamisha.

Machi, katikati: baridi

Kutoka machinjioni hadi maabara kuna foleni, na jua la Dar halina huruma. Siku za mwanzo tulibeba chupa kwenye boksi lililojaa barafu, na kipimajoto kikaonyesha kwamba chupa zilizogusana na barafu zilikuwa zinakaribia kuganda. Mshipa ukiganda bila dawa maalumu za kuukinga, fuwele za barafu zinapasua seli, na hapo hakuna cha kupima.

Msaada ulitoka kliniki ya mama na mtoto. Sista wa chanjo alituazima kikasha cha kubebea chanjo na kutufundisha wanavyofanya wao kila siku. Vipakiti vya barafu vikitoka kwenye friza havipakiwi papo hapo. Unavipanga mezani, unaviacha vitoe jasho, kisha unakitikisa kimoja kimoja sikioni. Ukisikia maji yanacheza ndani, barafu imefika nyuzi 0 na kipakiti kiko tayari. Chanjo kama ya homa ya ini B inaharibika ikiganda, kwa hiyo ujuzi huu umo mikononi mwa wauguzi nchi nzima tangu zamani. Tangu tuanze kutikisa vipakiti, chupa zetu zinakaa kati ya nyuzi 2 na 8 njia nzima.

Umeme ulikatika usiku mara kadhaa. Tumeweka chupa za maji zilizogandishwa upande wa juu wa friji na kipimajoto kinachoandika chenyewe. Usiku wowote joto likivuka 8, vipande vya usiku huo havihesabiwi.

Aprili: rangi

Kipimo cha kwanza ni resazurini. Waliofanya kazi kwenye viwanda vya maziwa wanaijua: ni rangi ya buluu inayogeuka waridi ikikutana na kitu hai kinachopumua. Kwenye maziwa kitu hicho ni bakteria, na waridi ni habari mbaya. Kwetu sisi kitu hicho ni mshipa, na waridi ni habari njema.

Mgongano wa hayo mawili tuliuona mapema. Vipande vya machinjioni havitoki vikiwa safi kama vya chumba cha upasuaji. Kipande kilichokaa siku kadhaa kinaweza kutoa waridi la kupendeza ilhali mshipa umekufa na bakteria wamestawi. Kwa hiyo kila chupa tunapima mara mbili: kipande chenyewe, baada ya kusuuzwa, na maji yake matupu. Maji yakigeuka waridi, kipande hicho kinatoka. Tumeongeza dawa ya kuua bakteria kwenye chupa zote kwa kiasi kilekile.

Mwelekeo baada ya kulaza vipande usiku kucha kwenye nyuzi 4: vile vya maji ya chumvi vinabaki na buluu iliyofifia, na ni hivyo mnyama baada ya mnyama. Ringa na bafa ya fosfeti vinakaribiana, waridi hafifu. Mchanganyiko wenye potasiamu unatoa waridi la wazi. Siandiki namba hapa mpaka mtaalamu wa takwimu azipitie.

Ila resazurini inapima ukuta mzima, na ukuta wa ateri ni misuli kwa sehemu kubwa sana. Safu moja ya seli inaweza kuwa imepukutika yote na rangi isikuambie kitu. Ndiyo maana sikutaka mtu yeyote ashangilie mwezi huu.

Mei

Mtungi wa gesi ya mtambo, mchanganyiko wa oksijeni asilimia 95 na kaboni dioksaidi asilimia 5, umechelewa kwa msambazaji. Tumetumia muda huo kujifunza kupaka silva naitreti, kemikali yenye madini ya fedha. Unapasua mshipa kwa urefu, unautandaza, unaupitishia silva naitreti kwa muda mfupi, unauweka kwenye mwanga. Madini hayo ya fedha yanashika mipaka kati ya seli na kuwa meusi. Chini ya hadubini mshipa mzima unaonekana kama wavu wa mistari myembamba ya kahawia, seli ndefu zote zimelala kuelekea damu ilikokuwa inatiririka. Mshipa ulioharibika una mabaka yasiyo na mistari, na hapo ndipo chembe sahani zingenata.

Kipande cha kwanza kutoka kwenye maji ya chumvi kilikuwa mabaka kwa sehemu kubwa. Mwanafunzi aliyekuwa kwenye hadubini alikaa kimya, kisha akaniita, "Dokta, njoo uone mwenyewe." Nadhani picha hiyo itamshawishi daktari wa upasuaji kuliko jedwali lolote tutakaloandika.

Juni: mtamboni

Gesi imefika. Mtambo wenyewe ni ule wa kufundishia famakolojia, ambao vizazi vya wanafunzi wametumia kuning'iniza utumbo wa sungura. Tunakata pete ya mshipa ya milimita chache, tunaipitisha kwenye ndoano mbili, moja imefungwa chini, nyingine imeunganishwa na kipima mvuto. Pete inazama kwenye maji ya Krebs, myeyusho wa chumvi na glukosi unaoiga maji ya mwilini, yenye nyuzi 37, gesi inapita, na mstari unachorwa kwenye skrini.

Tunadondosha noradrenalini: mstari unapanda, pete imekaza. Tunadondosha asetilikolini, na hapa ndipo kila mtu anasogea karibu. Utando ukiwa mzima mstari unashuka, pete inalegea. Utando ukiwa umekufa mstari unabaki juu. Mwisho tunadondosha nitroprusaidi, ambayo inatoa nitriki oksaidi yenyewe bila kuuhitaji utando. Kama pete iligoma kwa asetilikolini lakini ikalegea kwa nitroprusaidi, misuli haina kosa, kilichopotea ni utando. Kila siku tunaweka pia pete moja tuliyoisugua ndani kwa makusudi, ili tujue kushindwa kabisa kunaonekanaje.

Tumepima mingojeo ya aina mbili. Wa kwanza ni wa saa mbili kwenye joto la chumba chenye kiyoyozi, kama ilivyo wakati wa upasuaji. Wa pili ni wa usiku kucha kwenye baridi.

Kwenye ule wa saa mbili tofauti ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia, lakini ipo na inajirudia. Pete za maji ya chumvi zinalegea kwa unyonge, na za damu iliyokaa wazi hazina nafuu kubwa. Ringa na bafa ziko mbele yao. Kwenye ule wa usiku kucha, pete za maji ya chumvi zinafanana na ile tuliyoisugua. Zinalegea kwa nitroprusaidi tu.

Kuna wenzetu walioniuliza kwa nini tunahangaika na usiku kucha wakati upasuaji ni wa saa chache. Jibu ni benki ya mishipa. Palipo na wachangiaji wa viungo waliofariki, madaktari huchukua pia ateri na veni za nyonga na kuziweka kwenye baridi, maana zinaweza kuhitajika kurefusha mshipa mfupi wa kiungo. Kongosho hupandikizwa kwa kuunganishiwa ateri ya nyonga yenye umbo la Y. Hapa Tanzania upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili mwaka 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018, kwa wachangiaji walio hai, kwa hiyo hakuna mishipa ya akiba inayokuja na figo. Siku utaratibu wa wachangiaji waliofariki utakapoanza, lazima mtu awe anajua kuitunza mishipa hiyo mpaka kesho yake.

Juni, mwishoni: deferoksamini

Hili ndilo nililolisubiri tangu Februari.

Tulipoiweka deferoksamini kwenye myeyusho na kupoza mara moja, nafuu ilikuwepo lakini kidogo. Tulipoacha vipande vikae kwanza kwenye myeyusho huo kwenye joto la chumba, ndipo tukavipoza, pete zililegea vizuri zaidi asubuhi yake, na silva naitreti ikaonyesha wavu uliokamilika zaidi. Inaendana na yanayojulikana: deferoksamini hupenya seli polepole, na baridi inaichelewesha zaidi. Ndiyo sababu Essen waliongeza dawa ya pili inayopenya haraka. Hiyo ya pili hatuna na hatuwezi kuinunua kwa sasa, ila muda tunao. Kama mshipa unaweza kukaa na dawa kabla ya kuingia friji, sehemu ya pengo inazibika bila kuongeza gharama.

Wanyama bado ni wachache, na hii ni ateri ya mbuzi, si veni ya binadamu. Tunarudia mwezi mzima unaokuja kabla sijaandika neno jingine juu yake.

Julai: chumba cha upasuaji

Tuliwapelekea matokeo madaktari na wauguzi wa upasuaji, tukapeleka na picha. Sista kiongozi wa chumba alizitazama kwa muda, akauliza swali moja tu: "Dokta, sasa kesho asubuhi mimi nimimine nini kwenye kibakuli?"

Nilimjibu kwa kadiri ya ushahidi ulivyo leo. Myeyusho wetu haumiminwi, kama nilivyoandika Machi. Myeyusho wa kiwandani wenye bafa upo duniani, na uamuzi wa kuuagiza ni wa daktari bingwa na famasia. Lakini yapo yasiyohitaji kuagizwa: mshipa usijazwe kwa nguvu, usikauke ukiwa mezani chini ya taa, utolewe karibu na wakati wa kushonwa kadiri mpangilio unavyoruhusu, na muda wake kibakulini uandikwe.

Hilo la kuandika lilileta mjadala mrefu kuliko yote. Fomu ya upasuaji ina nafasi ya kuandika muda wa mashine ya moyo, muda wa kubana aota, idadi ya vitambaa na sindano. Haina mahali pa kuandika mshipa ulitolewa saa ngapi, ulilazwa ndani ya nini na ulishonwa saa ngapi. PREVENT IV iliweza kutufundisha kitu kwa sababu kimiminika kilikuwa kimeandikwa. Daktari bingwa alikubali papo hapo mistari mitatu iongezwe kwenye karatasi ya muuguzi anayezunguka. Sista akaichora kwa rula siku hiyo hiyo, na nakala zimeshapigwa fotokopi.

Agosti

Tulipo sasa. Marudio ya deferoksamini yanaendelea. Tumeanza kupima siku ya pili na ya tatu kwenye baridi, na bakteria ndio kikwazo kikubwa kuliko seli zenyewe, kwa hiyo tunahamia kwenye vipande vinavyotolewa kwa vifaa vilivyochemshwa, ndani ya chumba kidogo ambacho machinjio wametupa. Mzee ameahidi mbuzi wetu atakuwa wa kwanza kwenye mstari.

Ombi la pili liko kwenye kamati ya maadili: kutumia vipande vya safena vinavyobaki baada ya upasuaji, ambavyo kwa kawaida hutupwa, kwa ridhaa ya mgonjwa iliyoandikwa kabla. Fomu ya ridhaa tumeiandika kwa Kiswahili na kuwasomea ndugu waliokuwa wanasubiri wodini. Waliomba tuongeze sentensi inayosema wazi kwamba mshipa wa ziada hautatolewa kwa ajili yetu. Tumeiongeza.

Wanaotaka fomu ya muda wa kibakuli waitumie hospitalini kwao wanaweza kuiomba na kuibadilisha watakavyo. Kinachohitajika ni saa ya kutoa, jina la kimiminika na saa ya kushona.